Protoni Haisubiri: Vigunduzi vya Kasi na Nafasi ya Nyanda za Juu za Ufipa

Kwa miaka mingi mgonjwa wa saratani kutoka Katandala, kata ya mjini Sumbawanga katika Nyanda za Juu za Ufipa, mkoani Rukwa, amekuwa akipanda basi la Tunduma, akapita Mbeya, Iringa na Morogoro mpaka Dar es Salaam. Ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000 kuifuata tiba ya mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Akifika hupigwa picha kwanza, kwa sababu hakuna daktari anayeelekeza mionzi mahali asipopajua. Picha ikikosea kwa milimita chache, mionzi huunguza nyama nzima na kuuacha uvimbe ukiendelea kukua. Tiba ya mionzi haiwezi kuwa sahihi kuliko picha iliyoitangulia.

Ndiyo maana wanafizikia wa tiba wametumia zaidi ya nusu karne kutafuta picha ya namna nyingine, ambayo mwili unapenyezwa protoni badala ya eksirei. Mashine za kurusha protoni zilikuwapo tangu miaka ya 1930. Kilichochelewa ni kifaa cha kuzinasa upande wa pili, kwa kasi na kwa usahihi, kabla mgonjwa hajavuta pumzi nyingine. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba kikwazo kikuu cha picha ya protoni kimekuwa kigunduzi. Na kwa kuwa kigunduzi ni kazi ya fizikia ya mezani, sakiti na programu, hapo ndipo penye mlango ambao nchi kama Tanzania inaweza kuupita leo, hata kama mashine yenyewe ya protoni bado iko mbali nasi.

Tabia ya protoni

Eksirei hufifia kidogo kidogo kadiri inavyozama mwilini, na sehemu yake hutokea upande wa pili. Kwa hiyo mgonjwa anayetibiwa kwa eksirei za nguvu hupata mionzi mbele ya uvimbe, kwenye uvimbe na nyuma yake. Protoni ni punje yenye uzito na chaji. Huingia kwa kasi, huachia nishati kidogo njiani, kisha inapokaribia kusimama humwaga nishati nyingi mahali pamoja. Baada ya hapo haiendelei. Tabia hii iligunduliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na William Henry Bragg alipokuwa akichunguza punje za alfa, na kilele hicho cha nishati kikabaki na jina lake.

Protoni yenye nishati ya megaelektronivolti 150 husimama ndani ya maji baada ya takriban sentimita 16. Ile ya 230 hufika takriban sentimita 33. Daktari akichagua nishati, amechagua kina. Robert Wilson, mwanafizikia wa Marekani, aliandika mwaka 1946 kwamba tabia hii ingefaa kutibu uvimbe. Mwaka 1954 watafiti wa Berkeley, California, walianza kuitumia kwa wagonjwa, na mwaka 1990 Loma Linda, pia California, ikafungua kituo cha kwanza cha protoni kilichojengwa ndani ya hospitali. Leo vituo vya namna hiyo duniani vimepita 100.

Lakini sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake. Eksirei ikikosea kidogo, kosa husambaa. Protoni ikikosea, kilele chote huangukia pasipotakiwa: kwenye uti wa mgongo, kwenye mshipa wa jicho, kwenye moyo. Na kosa lipo tangu mwanzo, kwa sababu mpango wa tiba huchorwa kwa picha ya CT, ambayo hutumia eksirei. Picha hiyo huonyesha jinsi mwili unavyofifisha eksirei. Daktari anataka kujua jinsi mwili utakavyosimamisha protoni, na haya ni mambo mawili tofauti. Kuyageuza moja kuwa jingine huleta shaka ya asilimia 3 hivi. Kwa uvimbe ulio sentimita 15 ndani, hiyo ni karibu milimita 4.5. Daktari mwangalifu hujilinda kwa kupanua eneo la kupiga, na upana huo wa ziada ni nyama nzima ya mgonjwa.

Mtu akitaka kujua mahali protoni zitakaposimama, njia iliyo wazi ni kumpiga picha kwa protoni zenyewe. Zipewe nishati ya kutosha zipite mwili mzima, kisha zipimwe zimebakiwa na kiasi gani. Zilizopita kwenye mfupa zitatoka zimechoka kuliko zilizopita kwenye mapafu. Shaka ya asilimia 3 inaweza kushushwa kufikia asilimia 1 au chini yake.

Wazo lililozaliwa Afrika, likasubiri

Mmoja wa watu wa kwanza kulisema hili kwa maandishi alikuwa mtoto wa Afrika. Allan Cormack alizaliwa Johannesburg mwaka 1924, akasoma na kufundisha fizikia Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 1956 Hospitali ya Groote Schuur ilimhitaji mwanafizikia wa kusimamia matumizi ya mionzi, naye akaenda kusaidia kwa sehemu ya wiki. Alichokiona huko, madaktari wakipanga tiba kana kwamba mwili wote ni maji, kilimfanya atafute hesabu ya kuchora ramani ya ndani ya mwili kutokana na vipimo vya nje. Hesabu hizo alizichapisha mwaka 1963 na 1964, na mwaka 1979 yeye na Godfrey Hounsfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kuweka msingi wa CT. Katika makala yake ya 1963 Cormack alitaja pia kwamba protoni zingeweza kutumika kupima mwili badala ya eksirei.

Mwaka 1968 Andreas Koehler wa Harvard alipiga picha za protoni kwenye filamu na kuonyesha kwamba zinatofautisha unene mdogo kuliko eksirei. Kisha mambo yakatulia. CT ya eksirei ikaenea duniani kote katika miaka ya 1970, na picha ya protoni ikabaki maabara. Majaribio ya Los Alamos katika miaka ya 1970 na 1980, na ya Taasisi ya Paul Scherrer nchini Uswisi katika miaka ya 1990, yalithibitisha kwamba wazo ni sahihi. Vifaa vya kunasa vilikuwa vizito, vya polepole, na visivyoweza kuingia kwenye chumba cha mgonjwa.

Hesabu ya kasi

Kwa nini kasi iwe na uzito mkubwa namna hii? Tuchukue picha moja ya kichwa yenye upana wa sentimita 20 kwa 20, iliyogawanywa kwenye vipande vya milimita 1. Hivyo ni vipande 40,000. Protoni moja haitoshi kwa kipande kimoja, kwa sababu protoni mbili zenye nishati sawa hazisimami mahali pamoja kabisa. Hutofautiana kwa takriban asilimia 1 ya safari yao. Kwa safari ya sentimita 26, hiyo ni karibu milimita 3. Tukichukua wastani wa protoni 100, shaka hiyo hupungua mara 10 na kuwa milimita 0.3. Basi picha moja inahitaji protoni milioni 4.

Kigunduzi kinachoweza kuhesabu protoni milioni 1 kwa sekunde kitaimaliza picha hiyo kwa sekunde 4. Kwa kichwa kilichofungwa kisitikisike, inafaa. Kwa uvimbe wa mapafu haifai, kwa sababu mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi na kuitoa kila baada ya sekunde 4 au 5, na uvimbe hupanda na kushuka pamoja na pumzi hiyo. Ili kuufuata, zinahitajika picha kama 10 kwa sekunde, yaani protoni milioni 40 kwa sekunde, kila moja ikipewa mahali pake, mwelekeo wake na nishati iliyobaki nayo.

Kiasi cha mionzi anachopata mgonjwa kwa picha kama hiyo ni kidogo sana, mara nyingi chini ya kile cha CT ya kawaida, na hilo ni faida kubwa kwa watoto. Lakini kuna upande wa pili. Mashine za tiba hurusha protoni bilioni moja kwa sekunde au zaidi, na vigunduzi havijaweza kuupokea mkondo huo protoni moja moja. Kwa hiyo mwale hufifishwa wakati wa picha, kisha hurudishwa nguvu wakati wa tiba, na mashine nyingi za hospitali hazikutengenezwa kufanya kazi kwa mwale hafifu namna hiyo. Pengo kati ya kile mashine inachotoa na kile kigunduzi kinachoweza kupokea ndilo kiini cha suala zima.

Njia mbili za kunasa

Watafiti wamegawanyika katika njia mbili, na kila njia inalipa gharama yake.

Njia ya kwanza ni kukusanya. Protoni zote zinazotoka mwilini hupiga bamba la sintileta, yaani dutu inayotoa mwanga ikipigwa na mionzi, na mwanga huo hunaswa na kamera au na paneli ya silikoni iliyo nyuma yake. Hakuna anayeuliza ni protoni gani. Kinachopimwa ni jumla ya mwanga. Kazi hii ni nyepesi na ya haraka, na vifaa vyake si vigeni. Paneli za eksirei ya kidijitali zinazofungwa katika hospitali zetu za mikoa ni za ukoo huohuo: safu ya iodidi ya sizi hugeuza eksirei kuwa mwanga, na silikoni iliyo chini yake hugeuza mwanga kuwa umeme. Gharama ya njia hii ni ukungu. Protoni inapopita mwilini husukumwa kidogo na kila kiini cha atomi inachokipitia karibu, hivyo hutoka ikiwa imepinda. Ukijumlisha protoni zilizopinda bila kujua zilikotoka, kingo za picha hulainika na vitu vidogo hupotea.

Njia ya pili ni kuifuata kila protoni peke yake. Vigunduzi vyembamba huwekwa mbele na nyuma ya mgonjwa. Kila protoni huandikwa ilipoingilia na ilipotokea, na kifaa cha mwisho hupima nishati iliyobaki. Kompyuta hukadiria njia iliyopinda ndani ya mwili, na picha hukaza. Mtambo uliojengwa na Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, pamoja na Loma Linda ulitumia vipande vya silikoni na ukafikia zaidi ya protoni milioni 1 kwa sekunde. Picha kamili ya pande zote ikapatikana kwa dakika chache. Ilikuwa hatua kubwa, kwa kuwa mitambo ya awali ilihitaji saa nyingi.

Chuo Kikuu cha Bergen, Norwe, kimechukua hatua nyingine. Kinatumia chipu iitwayo ALPIDE, iliyoundwa kwa ajili ya jaribio la ALICE katika maabara ya fizikia ya punje ya CERN, Geneva. Chipu moja ina ukubwa wa milimita 15 kwa 30 na pikseli zaidi ya 500,000, kila pikseli ikiwa na upana wa takriban mikromita 28, yaani chini ya sehemu tatu za mia za milimita. Zikipangwa tabaka kwa tabaka, protoni nyingi zinaweza kufuatwa kwa wakati mmoja hadi kila moja inaposimama. Kundi jingine, huko Heidelberg, Ujerumani, limetumia chipu za Timepix, pia zilizotokana na CERN, kupiga picha kwa viini vya heliamu. Kiini cha heliamu kina uzito wa protoni mara nne hivi, hakipindi kirahisi, na picha yake ni kali zaidi.

Kuna pia silikoni za kizazi kipya zenye uwezo wa kupima muda kwa makumi ya pikosekunde. Protoni ya megaelektronivolti 230 husafiri takriban sentimita 18 kwa nanosekunde moja. Ukiweza kupima muda kwa usahihi huo, unaweza kujua kasi yake, na kutoka kasi ukajua nishati iliyobaki, bila kuwa na kifaa kizito cha kuisimamisha. Wengi wanaamini hapo ndipo njia ya pili itakapopata kasi ya ile ya kwanza.

Katika njia zote mbili, mnyororo ni mmoja: dutu inayopokea mionzi, sakiti inayosoma, waya zinazosafirisha na programu inayochora. Kasi ya mnyororo mzima huamuliwa na pete ya polepole kuliko zote. Sintileta ya LYSO humaliza kutoa mwanga wake kwa muda wa nanosekunde 40 hivi. Iodidi ya sizi iliyochanganywa na thali huchukua karibu mikrosekunde nzima na huacha mabaki ya mwanga yanayoingia kwenye picha inayofuata. Ukinunua kamera ya bei kubwa na kuiweka nyuma ya sintileta ya polepole, umetupa fedha.

Kasi ya kupita kiasi: Los Alamos

Kuna mahali ambapo binadamu amelazimika kupiga picha za protoni kwa kasi kubwa kuliko hospitali yoyote itakavyohitaji. Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho la bomu la nyuklia Septemba 1992. Baada ya hapo maabara ya Los Alamos, New Mexico, ilitaka kuona jinsi metali zinavyobadilika zinapopigwa na mlipuko wa kawaida, na katikati ya miaka ya 1990 ikaanza kutumia protoni za megaelektronivolti 800. Nishati hiyo hupenya metali nzito, na sumaku zilizopangwa kama lenzi huzikusanya tena protoni zilizopinda ili picha isiwe na ukungu.

Wimbi la mlipuko husafiri kilomita 8 hivi kwa sekunde, yaani milimita 8 kwa mikrosekunde. Kamera ikifunguka kwa nanosekunde 50, wimbi limeshasogea milimita 0.4. Kwa hiyo Los Alamos ilitengenezewa kamera maalumu: silikoni iliyounganishwa pikseli kwa pikseli na sakiti yake, pikseli 720 kwa 720, ikinasa picha tatu mfululizo kwa muda wa chini ya nusu mikrosekunde kati ya moja na nyingine. Hakuna waya ambao ungeweza kuzitoa picha hizo kwa kasi hiyo, kwa kuwa ingekuwa ni kusafirisha thamani za pikseli zaidi ya trilioni moja kwa sekunde. Suluhisho likawa kuzihifadhi ndani ya pikseli yenyewe na kuzisoma baadaye kwa utulivu. Kamera zilizofuata zimeongeza idadi ya picha hadi kumi.

Asili hii ya kijeshi isifichwe. Bara letu limejifunga kwa Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza kutumika mwaka 2009, kwamba halitakuwa na silaha za nyuklia, na sisi Watanzania tumo. Maarifa ya kigunduzi, hata hivyo, hayana bomu ndani yake. Mwaka 2013 watafiti wa Los Alamos walichapisha picha za protoni zikionyesha aloi ya alumini na indiamu ikiyeyuka na kuganda ndani ya chombo chake. Kwa mtu wa Ufipa jambo hilo lina uzito wa pekee. Mafundi wa Kifipa waliyeyusha chuma katika malungu, tanuru ndefu za udongo ambazo mabaki yake bado yamesimama katika nyanda hizi, na walijua kilichotokea ndani kwa rangi ya moto, kwa moshi na kwa mazoea ya vizazi. Swali lao, metali inageukaje ndani ya tanuru iliyofungwa, ndilo lililopata picha yake mwaka 2013.

Tulipo Afrika Mashariki

Kwenye ramani ya tiba ya protoni, Afrika ni karibu tupu. Afrika Kusini iliwahi kutoa tiba hiyo katika maabara ya iThemba, karibu na Cape Town, kwa saiklotroni, mashine ya kurusha protoni, ya megaelektronivolti 200, kuanzia mwaka 1993, na zaidi ya wagonjwa 500 walitibiwa kabla huduma haijasitishwa. Afrika Mashariki haijawahi kuwa nayo, na gharama ya kituo kimoja hufikia makumi ya mamilioni ya dola, mara nyingine zaidi ya milioni 100. Kudai mashine hiyo leo, wakati mikoa mingi haina hata mashine moja ya tiba ya eksirei, kungekuwa kuwadhulumu wagonjwa.

Somo kubwa zaidi limetoka Uganda. Mwaka 2016 mashine pekee ya kobalti katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, Mulago, iliharibika kiasi cha kutotengenezeka. Nchi nzima ikabaki bila tiba ya mionzi, na baadhi ya wagonjwa wakapelekwa Nairobi. Mashine mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Kilichokosekana katika miaka hiyo kilikuwa mashine ya pili, vipuri, na watu wa kuijua mashine kwa undani. Mwaka huohuo wa 2018 Ocean Road ilianza kutumia LINAC mbili, zinazotumia elektroni kutengeneza eksirei za nguvu. Bugando, Mwanza, nayo inatoa tiba ya mionzi kwa Kanda ya Ziwa. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania husimamia usalama wa vyanzo vyote vya mionzi nchini kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003.

LINAC ya kisasa huwa na paneli ya kunasa eksirei zinazotoka upande wa pili wa mgonjwa, ili mpiga mionzi ajue kama amelenga sawa. Paneli hiyo ni sintileta, silikoni, sakiti na programu: mnyororo uleule. Fundi anayejua kwa nini paneli hiyo imeanza kuonyesha mistari, anayeweza kuipima upya na kuandika programu ya kusahihisha pikseli zilizokufa, amekwishaingia katika taaluma ya vigunduzi. Umbali uliobaki kati yake na mtafiti wa Bergen ni wa mafunzo.

Mchango wa Rukwa

Rukwa ina vitu viwili vinavyohusika moja kwa moja na suala hili.

Cha kwanza kiko chini ya ardhi. Chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, katika bonde la Ziwa Rukwa, kuna heliamu. Gesi hii huzaliwa pale urani na thoriamu zilizomo katika miamba ya kale zinapooza kwa mamilioni ya miaka na kutoa punje za alfa, ambazo ni viini vya heliamu. Joto la bonde la ufa huitoa kwenye miamba hiyo. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza makadirio ya futi za ujazo bilioni 54, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula, upande wa kusini wa bonde hilo, kilithibitisha kwamba gesi inatoka. Heliamu ya kimiminika hupoza sumaku za mashine za picha za MRI, na hupoza pia sumaku za baadhi ya mashine ndogo za kisasa za protoni. Tukiiuza yote ikiwa ghafi, tutakuja kuinunua ndani ya mashine za watu. Mikataba ya gesi hii ni mahali halali pa kudai fedha za kusomesha wanafizikia wa tiba.

Cha pili kiko angani. Miale inayotoka anga za mbali ni protoni kwa sehemu kubwa, takriban asilimia 90. Zikigonga hewa ya juu huzaa mvua ya punje, na zinazofika chini kwa wingi ni myuoni, kama moja kwa kila sentimita ya mraba kila dakika usawa wa bahari. Sumbawanga iko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,800, na hupata zaidi. Myuoni hizi hupita kwenye sintileta na silikoni na kuacha alama kama ya protoni yenye kasi. Maabara zote kubwa huzitumia kupima na kusahihisha vigunduzi kabla ya kuvipeleka kwenye mwale, na hazilipiwi senti.

Kigunduzi kidogo cha myuoni, chenye kipande cha plastiki ya sintileta, kihisi cha mwanga cha silikoni na kompyuta ndogo ya mafunzo, kinaweza kuundwa kwa dola 100 hivi. Mradi wa CosmicWatch wa Marekani umetoa michoro yake kwa umma. Nchini Uingereza wanafunzi wa sekondari wamepewa chipu za Timepix na kufanya nazo utafiti halisi. Na kazi hii haiishii darasani. Mwaka 2017 watafiti wa Japani, Ufaransa na Misri walitumia myuoni kugundua uwazi wenye urefu wa angalau mita 30 ndani ya Piramidi Kuu ya Khufu, uliokuwa haujulikani. Yeyote aliyejenga kigunduzi cha piramidi ana nusu ya ujuzi wa kujenga kigunduzi cha mgonjwa.

Pingamizi na mpangilio wa kazi

Pingamizi la kwanza ni la haki: mgonjwa wa Katandala anahitaji kugunduliwa mapema, na eksirei na CT inayofanya kazi mkoani ina faida kwake kuliko picha ya protoni iliyoko Norwe. Ni kweli. Lakini vifaa hivyo vinahitaji watu walewale, na mashine nyingi hulala kwa sababu ya sakiti moja au programu moja isiyokuwa na mtu wa kuigusa. Kufundisha vigunduzi ni kuhudumia eksirei ya leo huku ukijiandaa kwa protoni ya kesho.

Pingamizi la pili ni kwamba chipu hutengenezwa katika viwanda vya gharama kubwa mno. Nalo ni kweli, ila Bergen haikujenga kiwanda; ilitumia chipu iliyobuniwa kwa kazi nyingine, ikaongeza mpangilio, sakiti za kusomea na programu. Sehemu kubwa ya kasi inayotafutwa sasa iko kwenye programu: kukadiria njia ya protoni haraka, kutenganisha alama zilizogongana, kutambua pikseli mbovu. Kazi hiyo inahitaji hesabu na kompyuta, na data za majaribio zinaweza kufanyiwa kazi kutoka chuo chochote chenye intaneti.

Nauweka mpangilio hivi. Kwanza, mafundi wa vifaa tiba katika hospitali za mikoa wafundishwe paneli za kidijitali kwa undani, si kubonyeza vitufe tu. Pili, shule chache za sekondari za Ufipa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ziunganishwe kwa vigunduzi vya myuoni, data zikusanywe pamoja na kuchambuliwa. Tatu, Tume ya Nguvu za Atomu na Ocean Road zitumie mpango wa Rays of Hope, ulioanzishwa na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 2022 kupanua tiba ya mionzi katika nchi zisizokuwa nayo ya kutosha, kudai mafunzo ya fizikia ya tiba pamoja na mashine. Nne, wanafunzi bora wapelekwe kwenye makundi yanayojenga vigunduzi vya protoni, kwa masharti ya kurudi, na kazi ikiwa inawasubiri.

Nyanda hizi zinaujua uzito wa mtu mmoja aliyesomeshwa. Adrien Atiman, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi na kukombolewa na wamisionari, alisomea utabibu Malta, akafika Karema kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1889, na akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Alipofika, eksirei ilikuwa bado haijagunduliwa. Röntgen aliigundua mwaka 1895. Hospitali ya Sumbawanga yenye jina la Atiman inakumbusha miaka 67 ya kazi iliyotokana na masomo ya mtu mmoja. Hakuna mashine inayodumu hivyo.

Kituo cha kwanza cha protoni Afrika Mashariki kitajengwa siku moja, Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko. Siku hiyo kutakuwa na watu wa aina mbili katika chumba cha mashine: wanaosubiri mhandisi wa ng'ambo aje na kompyuta yake, na wanaofungua kigunduzi wakajua kila pete ya mnyororo wake. Tutakuwa wa aina ipi, inategemea tunachofundisha sasa, kwa vifaa vya dola 100 na paneli zilizoko tayari katika hospitali zetu.